Kila Taa na Kofia Yake: Kulilinda Giza la Tsavo

Wasimamizi wa loji na kambi, mafundi umeme, askari wa zamu ya usiku, madereva, na ninyi mnaoishi katika nyumba za wafanyakazi ndani ya mbuga: hamjambo nyote, na asanteni kwa kufika.

Tuanze na ukungu wa Ngulia. Novemba na Desemba, mvua za vuli zikishika, mawingu hushuka yakakaa juu ya kingo za milima kule Tsavo Magharibi. Juu ya mawingu hayo, usiku, wanapita ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia kuelekea kusini mwa Afrika. Wengi wao ni vijindege vya vichakani, gramu 12 hivi kila mmoja, uzito wa kijiko kikubwa cha sukari. Usiku wa mbalamwezi hupita zao, hakuna anayejua. Lakini usiku usio na mwezi, ukungu ukitanda, taa za loji iliyopo pale huwavuta kwa maelfu. Wanashuka, wanazungukazunguka ndani ya mwanga kama kumbikumbi baada ya mvua. Tangu 1969 wataalamu wa ndege wamekuwa wakienda Ngulia kuwanasa kwa nyavu, kuwavisha pete miguuni na kuwaachilia, na elimu iliyopatikana kuhusu safari zao ni kubwa sana. Sisi tunaomba mlitazame jambo hilohilo kutoka upande wa fundi: taa chache za jengo moja zinaweza kumshusha kutoka angani ndege aliyekwisha kuvuka jangwa na bahari. Kama taa inaweza kufanya hivyo, tusiichukulie kuwa kitu kidogo.

Tsavo mbili, Mashariki na Magharibi, zina zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Tunalinda tembo, tunalinda vifaru, tunalinda chemchemi. Giza nalo ni sehemu ya mbuga kama maji na nyasi, maana nusu ya maisha ya wanyama hawa ni usiku. Na kati ya yote tunayoyalinda, hakuna kinachorudi upesi kama giza. Mto ukichafuka husafishwa kwa miaka. Msitu ukikatwa, mjukuu wako ndiye atakayekaa kivulini. Anga lililochafuliwa kwa mwanga hurudi palepale, mkono unapotoka kwenye swichi. Ndiyo maana tunasema hakuna kazi ya uhifadhi iliyo rahisi kuliko hii, wala yenye gharama ndogo kuliko hii.

Mfano mmoja wa wanyama, kisha tuingie kwenye taa zenyewe. Mnawajua mbawakavu wanaoviringisha mipira ya kinyesi cha tembo barabarani. Mwaka 2013 watafiti walichapisha majaribio waliyoyafanya Afrika Kusini juu ya jamii moja ya mbawakavu hao inayofanya kazi usiku. Waliwavisha vikofia vya karatasi wasione juu, nao wakaanza kuzunguka ovyo. Walipovuliwa, walikwenda moja kwa moja, wakiongozwa na ile njia nyeupe ya nyota inayokata anga. Utafiti mwingine wa 2021 ukaonyesha upande wa pili: mbawakavu wakiona taa za mbali moja kwa moja, wote huelekea kwenye taa badala ya kutawanyika kila mmoja na mpira wake. Mdudu anayezika samadi na kurutubisha ardhi ya Tsavo anasoma nyota. Tukizifuta, tumemnyang'anya ramani.

Sasa chukueni taa moja tuitazame kwa karibu, ile ya mlangoni kwenye banda la wageni. Ni tufe la kioo cheupe, ndani balbu ya LED ya wati 9. Boksi lake limeandikwa lumeni 800, yaani kiasi cha mwanga inaotoa, na, kwenye kona, 6500K. Fundi aliinunua akijua kwamba wati 9 ni kidogo. Kwa umeme, ni kweli. Kwa mwanga, lumeni 800 ni sawa na balbu ya zamani ya wati 60, na hapo palikuwa na balbu ya wati 25. Hilo ndilo kosa la kwanza na limeenea kila mahali: tulipohamia LED tulihesabu wati tukasahau lumeni, na mwanga ukaongezeka huku bili ikipungua, basi hakuna aliyelalamika.

Tufe lenyewe hutupa mwanga pande zote. Karibu nusu unakwenda juu, kwenye paa na angani. Katika nusu iliyobaki, sehemu kubwa inapiga ukuta uliopakwa chokaa, nao ukuta unaurudisha nje, au unaingia machoni mwa mtu anayekuja. Kinachofika kwenye ngazi, pale mguu unapokanyaga, ni kidogo. Mgeni anajikwaa kwenye ngazi iliyo chini ya taa kali, anaomba taa nyingine iongezwe, na inaongezwa.

Dawa yake ni hii. Zimeni umeme kwenye meni swichi, toeni tufe. Wekeni kofia: bati lililokunjwa, au kipande cha bomba la PVC la inchi 4 chenye urefu wa sentimita 20, kilichozibwa juu na kuachwa wazi chini. Ndani pakeni rangi nyeusi isiyong'aa. Balbu ikae juu ndani ya kofia, mwisho wake ubaki angalau sentimita 5 ndani ya ukingo. Ikichungulia nje, kofia imekuwa pambo tu. Kofia ya bati iunganishwe na waya wa ardhi. Kofia ya PVC isitumike kamwe na balbu ya zamani ya kupata moto, italainika na kudondoka. Kwa LED ya wati 3 au 4 haina shida. Ndani wekeni balbu ya lumeni 250 au chini ya hapo, na ishusheni: taa iliyo mita 1 juu ya ngazi inahitaji mwanga kidogo sana kuliko iliyo mita 3 juu. Kagueni kila mwezi, maana nyigu wanapenda kujenga humo.

Kipimo cha kofia hakihitaji kifaa. Simama mita 20 kutoka kwenye taa, ukiwa wima. Ukiiona balbu yenyewe, kofia haijafanya kazi. Unachotakiwa kuona ni duara la mwanga chini, taa yenyewe isionekane. Na kwa taa zenye kioo bapa, kioo kitazame ardhi sawasawa, kama sahani iliyogeuzwa. Mafundi wengi huiinua taa kidogo ili "ifike mbali". Ikiinuliwa hata kidogo, mwanga wake unaondoka karibu sambamba na ardhi, na huo ndio unaosafiri kilomita nyingi kabla ya kutawanyika hewani.

Rangi nayo. Ile 6500K kwenye boksi ni namba ya rangi: ikipanda, mwanga unakuwa mweupe wenye bluu, ikishuka, unakuwa wa njano kama wa taa ya mafuta. Bluu ndiyo adui mkubwa wa anga. Hewa hutawanya mwanga wa bluu wa nanomita 450 mara tatu zaidi ya ule wa kaharabu, yaani njano iliyoiva, wa nanomita 600; ni sababu ileile inayofanya anga la mchana liwe la buluu. Bluu pia ndiyo inayowaita wadudu wengi zaidi. Kwa taa za nje ndani ya mbuga, 3000K iwe dari. Sisi tunapendekeza 2200K, na karibu na maji au mapango ya popo, kaharabu tupu. Ukimwomba muuza duka balbu ya LED bila kusema zaidi, aghalabu atakupa ile nyeupe. Mpeni anayetumwa mjini karatasi iliyoandikwa namba mbili, lumeni na K, naye asome boksi kabla ya kulipa.

Kuhusu njia za miguu, tutasema wazi: katika kambi zisizo na uzio, mgeni hatembei peke yake usiku, anasindikizwa na askari mwenye tochi. Basi taa 40 zilizopanga mstari kutoka mapokezi hadi mahemani zinammulikia nani? Ondoeni. Bakizeni penye ngazi, penye kona, penye mtaro. Pembeni mwa njia pangeni mawe yaliyopakwa chokaa. Tochi ndogo inatosha kuyaonyesha. Kama taa za njia lazima ziwepo, zisizidi urefu wa goti, ziwe na kofia, lumeni 50 hadi 100 kila moja. Zile taa ndogo za sola zinazochomekwa ardhini na kuuzwa kwa bei nafuu zina makosa yote pamoja: nyeupe, hazina kofia, na huwaka toka magharibi hadi betri iishe.

Tunajua swali lililo kwenye vinywa vya askari, nalo ni la haki. Usalama je? Jicho la binadamu huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza, na mwako mmoja wa taa kali unalirudisha mwanzo. Askari anayesimama chini ya taa ya kumulika anaonekana na kila kiumbe kilichoko porini, naye haoni chochote nje ya duara lake. Pembeni mwa taa kali vivuli vinakuwa vyeusi tii, na humo ndimo nyati anasimama, humo ndimo jangili anajibanza. Mwanga unaofika ardhini hupimwa kwa luksi: mwezi mpevu hutoa luksi 0.1 hadi 0.3 tu, na kila mtu hapa amewahi kutembea kwa mbalamwezi. Luksi 1 iliyotandazwa vizuri uani, bila mng'aro machoni, inampa askari uwezo kuliko mwanga mkali wa nguzo moja.

Lakini hatusemi taa zote zizimwe jua likizama. Utafiti juu ya simba walioshambulia watu kusini mwa Tanzania, uliochapishwa 2011, ulionyesha kwamba mashambulizi yalikuwa mengi zaidi katika siku zinazofuata mwezi mpevu, wakati mwezi unachelewa kuchomoza na saa za kwanza za usiku zina giza huku watu bado wako nje. Hizo ndizo saa za kuwa na mwanga mahali watu wanapopita: saa moja jioni hadi saa nne usiku. Baada ya hapo taima izime, na sensa ya mwendo ibaki peke yake katika sehemu chache: stoo ya chakula, nyumba ya jenereta, zahanati. Ifungwe urefu wa mita 2 hadi 2.5, ikitazama chini, na muda wake uwe dakika 1 hadi 3. Sensa hizi husoma joto linalosogea. Ukiielekeza kwenye nyasi ndefu, upepo wa moto wa Tsavo utaiwasha usiku kucha, na digidigi atakayekatiza ataiwasha tena. Fyekeni mbele yake, au zibeni sehemu ya jicho kwa utepe mweusi.

Kosa jingine ni la hapahapa petu: vumbi jekundu. Taa nyingi zina jicho linalosoma mwanga wa jua ili zijue wakati wa kuwaka, na jicho hilo likifunikwa na vumbi linadhani ni usiku. Ndiyo maana mnaona taa zinawaka saa sita mchana, zinakula betri, na jioni kambi inakuwa gizani penye kuhitaji mwanga. Kitambaa chenye maji, mara moja kwa wiki wakati wa kiangazi. Kazi ya dakika mbili.

Tukitaja betri, wenye kambi za sola fanyeni hesabu hii. Taa 60 za wati 9 zikiwaka kwa saa 12 zinakula kilowati-saa 6.5 hivi kwa usiku mmoja. Taa 60 za wati 3, zikiwaka kwa saa 3, hazifiki kilowati-saa 1. Tofauti hiyo inaendesha friji ya jikoni.

Mwanga wa vidimbwi vya kunywea wanyama ni jambo gumu kwetu kulisema mbele ya wenye loji, maana wageni wanalipia kumwona tembo akinywa usiku. Tunalisema hata hivyo: taa ile inamfanya swala anywe akiwa haoni kinachomjia kutoka nje ya duara, na wanyama waoga hawaji kabisa hadi izimwe. Ikibidi iwepo, iwe ya kaharabu, iwe na kofia, itazame maji na si macho, na izimwe saa nne. Madereva wa safari za usiku vilevile: kurunzi iwe na kichujio chekundu, isielekezwe machoni, na swala, pundamilia na twiga wasimulikwe kabisa. Mnyama wa mchana aliyepofushwa kwa dakika kadhaa ni nyama ya simba, na sisi ndio tuliomkabidhi.

Tusisahau nyuma ya nyumba. Katika ukaguzi wa taa, mbele ya loji mara nyingi ni pazuri; ubaya uko nyuma ya jikoni, kwenye pampu ya mafuta, kwenye gereji, na kwenye nyumba za wafanyakazi, ambako kila mlango una balbu tupu kwa sababu hakuna aliyeleta nyingine. Mfanyakazi naye apewe taa nzuri yenye kofia kama mgeni. Na pazia zifungwe. Dirisha kubwa la bwalo ni taa kama taa nyingine.

Anga lenyewe hupimwa. Kifaa cha mkononi kiitwacho SQM huelekezwa juu moja kwa moja na kutoa namba: mji mkubwa unasoma 17 au 18, anga safi kabisa hukaribia 22. Ngazi zake si za kawaida: tofauti ya 5 ni mwanga mara 100. Kwa hiyo anga la 17 linang'aa mara 100 kuliko la 22. Mbuga ikitaka kutambuliwa kimataifa kuwa ya anga la giza hutakiwa kusoma angalau 21.2. Pimeni usiku usio na mwezi wala mawingu, dakika 75 au zaidi baada ya jua kuzama, mbali na taa yoyote na mbali na ukuta. Chukueni vipimo sita, tupeni cha kwanza, wastani wa vitano uandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe na saa. Ile njia nyeupe ya nyota ikiwa utosini namba hushuka kidogo; andikeni hilo pia, lisije likadhaniwa kuwa ni taa mpya. Mawingu nayo hufundisha: mahali safi, wingu ni jeusi kuliko anga, mahali palipochafuliwa, wingu linang'aa kwa chini. Mkitazama upande wa Voi au Mtito Andei usiku wenye mawingu, mtaliona hilo bila kifaa.

Miji hiyo iko mlangoni mwetu, na barabara ya Mombasa na reli zinapita katikati ya Tsavo mbili. Hatuwezi kuwaambia watu wa Voi wakae gizani, wala hatutaki. Tunachoomba kwa kaunti ni kwamba mulika mwizi, zile taa kubwa za nguzo ndefu, zinapofungwa sokoni zitazame chini na ziwe za rangi ya njano, na kwamba ramani za stesheni, vituo vya mafuta na maegesho ya malori zipitiwe kabla ya nguzo kusimamishwa. Kubadili taa iliyokwisha kufungwa juu ya nguzo ya mita 20 ni gharama ya gari la kreni. Kubadili mchoro ni gharama ya kalamu. Mji unaweza: Flagstaff, katika jimbo la Arizona, Marekani, ulipiga marufuku kurunzi za matangazo za kumulika angani mwaka 1958, na 2001 ukawa mji wa kwanza duniani kutambuliwa kwa anga lake la giza. Nako Namibia, hifadhi ya NamibRand ilitambuliwa 2012, ya kwanza Afrika. Njia ya hifadhi kutambuliwa haina siri: unahesabu taa zote za nje, unaandika aina, lumeni, rangi, kofia na sababu ya kuwepo, theluthi mbili zinarekebishwa kabla ya kuomba, zilizobaki zinapangiwa ratiba.

Wageni watapenda. Tuko digrii 3 tu kusini mwa ikweta. Jioni za Aprili mtu aliye hapa huona makundi mawili ya nyota, Salibu upande wa kusini na Dubu Mkubwa kaskazini, kwa wakati mmoja, jambo ambalo mgeni kutoka London hawezi kuliona kwao. Na sisi tuna elimu yetu ya kumweleza. Wahenga walisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wakulima na mabaharia wa pwani walipanga mwaka kwa kundi hilo la nyota. Kwenye anga safi mtu mwenye macho mazuri huhesabu nyota sita au saba za kilimia. Mjini anaona tatu, au ukungu mtupu. Mtoto wa Voi asiyeweza kukihesabu kilimia amepungukiwa na urithi wake, na hilo linatuuma.

Basi kazi ya kwanza ifanyike mwezi ukiwa haupo. Saa tatu usiku, wageni wakiwa mezani na askari wakiwa wameshaarifiwa, zimeni taa zote za nje kwa dakika 20, jikoni na zahanati zikibaki. Simameni langoni: msimamizi, fundi, askari mmoja na mpishi mmoja. Kisha washeni moja moja, na kwa kila taa mmoja wenu aseme ni ya nini. Ikijibiwa, fundi aandike kofia na balbu inayotakiwa. Ile ambayo hakuna aliyeisemea isiwashwe tena. Kesho yake asubuhi ishushwe, ncha za waya zizibwe, na balbu ipelekwe stoo.